Nyumba ya Kuonjwa

Mzee Kondo Mwinyipembe hakuwa na gari. Hakuwa na mjomba wizarani, wala shemeji polisi, wala mtu hata mmoja aliyesoma naye ambaye sasa anapigiwa saluti. Hakuwa na kitambi, upungufu ambao katika nchi yao ulimfanya mtu aulizwe kitambulisho mara tatu kwa siku. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na subira na watu wanaoongea huku wanatafuna. Na katika miaka thelathini na tisa ya ndoa yake na Bi. Siwema, hakuwa na nyumba.

Alichokuwa nacho ni ufundi. Alitengeneza mizani sokoni, na wafanyabiashara walimheshimu na kumchukia kwa kipimo kilekile, kwa sababu mzani uliotoka mikononi mwake ulisema kweli kwa muda wa wiki nzima kabla haujafundishwa tena adabu.

Walipanga chumba na ukumbi kwa Mama Nyangeta, mwenye nyumba aliyekuwa na masharti mengi na moyo usio mbaya. Sharti lililomuuma Bi. Siwema ni lile la kutotwanga. Mama Nyangeta alisema sakafu yake ni ya urithi na haitaki vishindo. Basi kinu cha Bi. Siwema kilipinduliwa mwaka uleule wa harusi, kikawa kigoda cha wageni. Hakuwahi kununa. Ila mgeni alipoinuka kukiacha, alikifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akakitazama kidogo, kisha akaendelea na shughuli zake. Mzee Kondo aliyaona hayo kila mara, na kila mara alirudia moyoni ahadi aliyompa siku ya ndoa: utapata jiko lako, utatwanga saa unayotaka, na asiyetaka vishindo atahama yeye.

*

Nchi yao, ambayo haipakani na nchi yoyote tunayoifahamu, ilikuwa imeendelea mno katika jambo la kusaidiana. Inasemekana Rais wa Kudumu, akipita kwenye msafara, alimwona mwananchi akifungua mlango wa nyumba aliyoinunua mwenyewe, na uso wa mwananchi yule ulikuwa na furaha. Rais alihuzunika. Aliwauliza mawaziri wake ni kwa nini mtu afurahi peke yake ilhali taifa limejaa wataalamu. Mawaziri walilia, mmoja hata akatolewa nje kwa machela, na kabla ya chakula cha jioni ikapitishwa Sheria ya Kusaidiwa. Tangu siku hiyo, aliyenunua nyumba bila Wasaidizi watano walioidhinishwa alihukumiwa kwa kosa la Uchoyo wa Daraja la Kwanza.

Mzee Kondo hakutaka kuwa mchoyo. Alipoipata nyumba aliyoitaka, Kiwanja Namba 41 mtaa wa Mivinjeni, yenye vyumba vitatu na jiko lenye dirisha la upande wa mashariki, alimlipa mjane aliyekuwa akiiuza, bei yote, mbele ya mashahidi. Mjane akaondoka kwenda kuishi kwa mwanawe. Ufunguo hakumpa mnunuzi, kwa sababu sheria ilikataza: ufunguo ni chuma, na chuma kinaweza kumdhuru asiye mtaalamu. Aliukabidhi kwa Wasaidizi.

Wa kwanza alikuwa dalali, Bwana Shomvi, mwenye simu tatu na sauti moja ya kubembeleza. Wa pili alikuwa wakili, Msomi Rwekaza, ambaye hakusema neno bila kwanza kufumba macho. Wa tatu alikuwa mpima ardhi, Bwana Lusajo, aliyevaa viatu vya porini hata ofisini. Wa nne alikuwa mthamini, Bi. Kezia, mwanamke aliyekitazama kila kitu, watu wakiwemo, kama anayekadiria kitauzwa kiasi gani. Na wa tano, mkubwa wao, alikuwa Msaidizi Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Daktari Mshangama, aliyepata udaktari wake kwa utafiti wa miaka kumi kuhusu viti.

Mzee Kondo alimwuliza dalali lini atahamia.

"Mzee wangu," alisema Bwana Shomvi, akimshika bega, "wewe umeoa. Mkeo akipika mchuzi, anakuletea bila kuonja?"

Mzee Kondo akasema anaonja.

"Basi na nyumba huonjwa. Tukukabidhi nyumba hatujalala humo, kesho ikugeuke, lawama kwa nani? Kwa sisi watoto wako."

Hii ndiyo ilikuwa desturi ya Wasaidizi, na waliishika kuliko dini: Kipindi cha Kuonja. Mtaalamu hawezi kuithibitisha nyumba ambayo hajaishi ndani yake. Na ili ulimi wake usichanganye ladha, kila mwonjaji alikula kiapo kwa maandishi kwamba hana makazi mengine yoyote chini ya jua. Wasaidizi wote watano walikuwa na nyumba nzuri. Walizipangisha, kodi wakaitia mfukoni, wakaapa. Mzee Kondo alipewa kalamu aweke sahihi kwenye fomu inayomtaka mnunuzi awatunze waonjaji kwa muda wote wa kuonja. Akaweka. Aliamini muda huo ni wiki moja.

*

Dalali aliingia Jumatatu na godoro. Wakili aliingia Jumatano na mkewe, mama mkwe na kabati la vitabu ambavyo kurasa zake hazijawahi kufunguliwa. Mpima alikuja na mbuzi wanne, akieleza kwamba mbuzi ndio wanaojua mteremko wa ardhi. Bi. Kezia alichukua chumba cha pili na kukitundikia mapazia. Msaidizi Mkuu alikuja mwisho, kama inavyompasa mkubwa, na kitanda chake kilikuwa kipana hata ikabidi fremu ya mlango ing'olewe. Mzee Kondo aliitwa kuja kuing'oa, kwa kuwa nyumba ni yake.

Mwisho wa kila mwezi waonjaji walipaswa kutoa taarifa. Kama nyumba imethibitika kuwepo, wangeondoka siku ya pili yake na mnunuzi angepewa Hati ya Kuwepo. Kama haijathibitika, kuonja kungeendelea. Hapo ndipo ilipodhihirika jinsi wataalamu wa nchi ile walivyokuwa waangalifu. Walikaa mezani sebuleni, wakiwa wameshiba, feni ikizunguka juu yao, wakaandika.

Bwana Lusajo aliandika kwamba amepima Kiwanja Namba 41 kutoka pembe zote na kukuta hewa. Bi. Kezia aliandika kwamba thamani ya nyumba haikupatikana kwa kuwa nyumba yenyewe haikupatikana. Msomi Rwekaza alifumba macho kwa nusu saa, kisha akaandika kwamba kisheria kuta zinazodaiwa kuonekana zinabaki kuwa tuhuma. Dalali aliandika kwamba amegonga mlango mara nyingi bila kuuona. Msaidizi Mkuu alikubaliana na wote na kupiga muhuri. Halafu akamtumia Mzee Kondo ujumbe aje haraka, bomba la jikoni linavuja.

Ikawa ndivyo mwezi hata mwezi. Mzee Kondo alizibua choo cha nyumba isiyokuwepo. Alipaka rangi kuta ambazo ni tuhuma. Alikata majani kwenye hewa ya Bwana Lusajo, na mbuzi wakamtazama kwa dharau. Jioni alirudi kwa Mama Nyangeta, na Bi. Siwema alipouliza bado wanaonja, alijibu bado wanaonja.

Mwezi wa sita alikwenda kulalamika. Msaidizi Mkuu alimpokea sebuleni akiwa na nguo za kulalia, ila alivaa tai juu yake ili kulinda hadhi ya ofisi.

"Ndugu mnunuzi," alisema, akisimama kana kwamba mbele yake kuna uwanja wa watu, "mataifa makubwa yalijengwa na wasubirifu. Wewe unataka nyumba. Mimi nataka ukweli. Je, nikuandikie nyumba ipo, na kumbe haipo? Uje kulala mtu mzima na mkeo ndani ya kitu kisichokuwepo, mvua iwanyeshee? Hapana. Nakupenda mno. Kila ninapolala kwenye chumba kile naumia kwa ajili yako."

Mzee Kondo alisema fremu aliyoing'oa kwa mikono yake ilikuwepo.

Msaidizi Mkuu alimhurumia kwa macho, akasema huo ndio msiba wa kutosoma: mtu huamini mikono yake. Kisha akamwomba, akitoka, apitie jikoni awaambie wamletee chai.

*

Mwezi wa saba Bi. Siwema alisema anataka kuiona. Hakuwahi kufika, kwa sababu alitaka aingie siku ya kuhamia. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na alihisi kwamba siku hiyo inamkimbia. Alivaa gauni lake la kuendea harusi na mahafali, akajitanda kanga mpya, akaenda peke yake.

Alirudi alasiri, mikono imekunjamana kwa maji. Mzee Kondo alikuwa anakaza skrubu ya mzani. Alimwuliza kumetokea nini. Bi. Siwema alivua viatu kwanza, akakaa.

"Nilibisha hodi," alisema. "Akatoka yule mwanamke mthamini. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema umechelewa, pitia uani. Nikadhani ananikaribisha. Kumbe walikuwa wanamsubiri mama wa usafi. Akanipa masufuria."

"Hukumwambia wewe ni nani?"

"Nilimwambia. Akasema hata kama, masufuria yapo."

Mzee Kondo aliiweka skrubu chini.

"Nimeyaosha, Baba Chausiku. Nimeosha masufuria ya watu kwenye sinki langu." Akavisogeza viatu pembeni. "Lakini nimeliona dirisha. Asubuhi jua linaingia mpaka kwenye jiko lenyewe. Ukisimama hapo likikupiga mgongoni hata magoti yanasahau."

Hakulia. Angelia, huenda mumewe angembembeleza na mambo yakaishia hapo. Kwa kuwa hakulia, Mzee Kondo alibaki na uchungu wote peke yake, na mtu aliyezoea kusawazisha mizani hawezi kulala na upande mmoja umezama.

*

Serikali ya nchi ile ilikuwa pia na Idara ya Wazururaji. Kazi yake ilikuwa kuwakamata watu wasio na makazi ya kudumu na kuwapeleka Nyanda za Tija, kule juu kwenye baridi na mbigili, wakang'oe visiki kwa ajili ya maendeleo. Wiki moja baada ya masufuria, wanaume wawili wa Idara walimsimamisha Mzee Kondo mlangoni pa soko. Mkubwa wao, Sajini Hamduni, mtu mwenye daftari nene na mafua, alimwuliza anaishi wapi.

Mzee Kondo, kwa kiburi cha mtu aliyelipa bei yote, akasema Kiwanja Namba 41, Mivinjeni.

Sajini akapekua daftari. Akalamba kidole, akapekua tena.

"Namba 41 haipo, mzee. Imeandikwa hapa mara saba. Panda garini."

Alikwishatia mguu mmoja kwenye gari Mama Nyangeta alipopita na kikapu cha ndizi. Alimkuta Sajini akiandika jina la mpangaji wake, akamkaripia mbele ya watu, akasema huyu mzee anaishi kwangu tangu wewe hujaota ndevu, na kama unamtaka nikuonyeshe daftari la kodi. Sajini akafuta jina. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa daftari.

Mzee Kondo alishuka, akajikung'uta, na badala ya kwenda zake akasimama.

"Afande, nisaidie kuelewa, mimi sikusoma sana. Mtu akilala kila siku pale Namba 41, anaishi wapi?"

"Haishi popote. Pale hapapo."

"Na kama ameapa hana makazi mengine?"

"Huyo ndiye mzururaji kamili. Sijawahi kumpata aliyekamilika namna hiyo, wengi hudai wana shangazi."

"Na kama ni mtu mkubwa? Wa ofisini?"

Sajini alipenga kamasi taratibu, akafikiri. Alisema sheria yao haina macho ya kumwona mkubwa, ina macho ya kuona karatasi. Ikija barua yenye vielelezo vilivyopigwa muhuri, gari litakwenda. Huko Nyanda za Tija, aliongeza kwa fahari, kila mzururaji hupewa panga, jembe na mraba wa ardhi, ajijengee kibanda chake kwa mikono yake mwenyewe. Kusaidiwa ni marufuku kabisa. Mtu hukaa miaka saba.

"Na ile Namba 41," aliuliza Mzee Kondo, "mtu akiingia, akakaa zake, anavunja sheria gani?"

"Ya kuingia wapi?" alisema Sajini. "Kisichokuwepo hakina sheria, mzee wangu. Nenda nyumbani."

*

Mzee Kondo alikwenda Mivinjeni akiwa amebeba kilo mbili za nyama na uso wa mtu aliyeshindwa. Wasaidizi walimpokea sebuleni. Alisema amechoka, ameafiki kwamba nyumba haipo, na anaomba jambo moja tu: nakala za taarifa zote na za viapo vyao, ziwe na mihuri, akawaonyeshe ndugu zake wasimwone mjinga.

Walifurahi kama walioambiwa wamepandishwa cheo. Mnunuzi aliyekata tamaa ndiye mnunuzi bora, kwani huacha nyumba na wala hadai. Msomi Rwekaza hata alifumbua macho. Bwana Shomvi alimwambia yeye ni mzee wa mfano.

Mzee Kondo alisema, kwa unyenyekevu, kwamba ndugu zake ni wagumu wa kuelewa. Pengine kila mmoja angeandika upya kwa ufupi, sentensi mbili tu, kwamba nyumba haipo na kwamba yeye hana makazi mengine.

"Andikeni," alisema Msaidizi Mkuu, akitafuta muhuri wake kwenye mfuko wa nguo za kulalia. "Huyu leo ameelimika."

Waliandika watano wote, bila hata mmoja kusoma cha mwenzake, maana kwa Wasaidizi kusoma alichoandika mwenzio ni kumtuhumu. Bi. Kezia, aliyekuwa anatafuna mfupa, aliandika huku anasema kwa mdomo uliojaa kwamba yule mkewe ana mkono mzuri wa masufuria, aje na Alhamisi. Mzee Kondo alimtazama kwa muda mrefu kidogo. Akasema Alhamisi atakuja mtu.

*

Aliandika barua yake mchana, mlangoni kwenye mwanga, Bi. Siwema akiwa pembeni anachambua mchele. Aliandika kwa herufi za kusimama, hakuruhusu hata moja iegemee nyingine.

"Kwa Mkuu, Idara ya Wazururaji. Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa nawaletea habari za watu watano wasio na makazi, ambao hali yao inanisikitisha. Wamekuwa wakilala kwa miezi minane pale Namba 41, Mivinjeni, mahali ambapo hakuna nyumba. Ushahidi wameuandika wenyewe, wameutia sahihi na kuupiga muhuri, na nimeuambatisha; majina yao nimeyaorodhesha chini ya barua hii. Ni wasomi, kwa hiyo hapana shaka wanajua wanachosema. Wameapa kwamba hawana makazi mengine chini ya jua. Mmoja wao anafuga mbuzi wanne, nao pia hawana pa kukaa.

"Mheshimiwa, hawa ni watu walionisaidia kwa moyo wao wote. Nisingependa walipwe kwa kuachwa barabarani. Naomba wapewe panga, jembe na ardhi yao huko juu, kila mmoja ajijengee, na wasisaidiwe na mtu yeyote, kwa kuwa wao wamekwisha kusaidia kupita kiasi. Watapatikana wote kwa pamoja siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, wakinywa chai."

Alimsomea mkewe kuanzia mwanzo. Bi. Siwema aliacha kuchambua.

"Yule wa masufuria umemwandika?"

"Nimemwandika wa kwanza."

"Na yule mkubwa wa tai?"

"Wa mwisho. Wakubwa huingia mwisho."

Bi. Siwema alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje mbali kuliko ilivyohitajika. "Ongeza kwamba huko juu kuna baridi, wasiwape mablanketi mpaka yathibitike kuwepo."

Mzee Kondo aliongeza, akaweka nukta, akasaini jina lake lote.

Posta, kwenye kidirisha, karani alimwuliza kama angependa kupatiwa Msaidizi wa Bahasha, mtaalamu aliyesomea kulamba gundi na kubandika stempu, huduma inachukua siku kumi na nne. Mzee Kondo alimshukuru, akasema hapana. Akazikunja karatasi zote, viapo chini, taarifa katikati, barua juu. Akailamba gundi mwenyewe kutoka ncha hadi ncha, bila haraka, kwa ulimi uliokuwa umeonja kila kitu kwa miezi minane isipokuwa hiki. Akaikandamiza bahasha kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akaitumbukiza kwenye kisanduku, na akabaki hapo ameinamisha sikio hadi alipoisikia ikitua.